Bomba la Shuleni: namna ya kuianza kazi ya sayansi ya data

"Kaka, nataka kuingia kwenye mambo ya data. Nianze na Python au R?" Ujumbe wa namna hii hunifikia mara kwa mara. Wengi wanaouliza wametoka chuo karibuni, wengine ni walimu au wahasibu wanaotaka kubadili njia. Mara nyingi wameshakusanya vyeti vitano sita vya kozi za mtandaoni na bado hawaoni mlango uko wapi. Hizo ni lugha za kuandikia programu za kompyuta, na swali hilo naliweka pembeni kwanza. Nawaelekeza kwenye faili moja lenye habari za maji ya vijijini Tanzania, kisha nawaomba wakae nalo mwezi mzima.

Faili hilo lina mistari 59,400, na kila mstari ni kituo kimoja cha kuchotea maji: kisima cha pampu ya mkono, bomba la kijiji, chemchemi iliyojengewa. Wapimaji walizunguka nchi, sehemu kubwa ya kazi ikifanyika kati ya 2011 na 2013, wakaandika kituo kiko kijiji gani, nani alikifadhili, nani alikijenga, pampu ni ya aina gani, wananchi wanalipaje, na maji yanatoka au hayatoki. Data hizo zilitoka kwenye jukwaa liitwalo Taarifa na Wizara ya Maji, na tovuti ya DrivenData ikaziwekea shindano la wazi liitwalo Pump it Up. Swali lake halina mafumbo: ukipewa sifa za kituo, je, unaweza kusema kama kinafanya kazi, kinafanya kazi ila kinahitaji matengenezo, au kimekufa?

Wanafunzi wa nchi nyingi wamejifunzia kwenye faili hili, na ipo kolamu moja ambayo wengi wao huifuta mapema, ya jina la kituo. Ina maelfu ya majina, na asiyejua Kiswahili huona vurugu tupu. Lakini isome wewe. "Shuleni" limeandikwa zaidi ya mara 1,700. "Zahanati" zaidi ya mara 800. Halafu "Msikitini", "Kanisani", "Sokoni", "Bombani", na kwingi ni kwa Mzee fulani. Papo hapo umeshajua jambo ambalo kompyuta haijui. Bomba la shuleni lina mwalimu mkuu atakayepiga simu likiharibika, na watoto mia kadhaa wanaoning'inia kwenye mpini wake kila mapumziko. Kisima cha kwa Mzee fulani kiko kwenye kiwanja cha mtu, na huenda asubuhi na jioni kina mtu wa kukichunga. Hizo bado ni dhana, lakini ni dhana zinazoweza kupimwa, na sayansi ya data huanzia hapo hapo: mtu anayeijua dunia iliyozaa namba anaziuliza namba swali.

Nasema hivi mapema kwa sababu vijana wetu wengi huingia kwenye fani hii wakijiona wamechelewa, kana kwamba wenye haki nayo wako mbali. Kwenye faili hili wewe uko mbele.

Kazi yenyewe

Vyeo vya fani hii huchanganya watu, hata waajiri wenyewe. Tubaki na maji. Mtu wa kwanza ni yule aliyesimama kisimani na kuandika. Baada yake kuna anayehakikisha taarifa za wilaya zote zinafika sehemu moja, hazirudiwi, hazipotei, na kesho zitakuja tena bila kusukumwa. Huyo ni mhandisi wa data. Anayefungua kanzidata, yaani ghala la data kwenye kompyuta, na kumweleza mkurugenzi ni mikoa gani vituo vingi vimekufa na tangu lini, ni mchambuzi wa data. Anayejenga modeli, yaani kanuni ambayo kompyuta hujifunza kutoka kwenye data, ya kukisia kituo gani kitaharibika, na kueleza makisio hayo yaaminiwe kiasi gani, ndiye huitwa mwanasayansi wa data. Ofisi zetu nyingi huwapa kazi hizi zote mtu mmoja mwenye kompyuta moja. Jina la cheo lilianza kuvuma kuanzia 2008, pale DJ Patil wa LinkedIn na Jeff Hammerbacher wa Facebook walipolitumia kwa vikosi vyao. Kazi yenyewe ina mizizi kwenye takwimu, ambazo ni kongwe kuliko kompyuta.

Kama ulikuwa karani wa sensa Agosti 2022, ukatembea na kishikwambi nyumba hadi nyumba, basi ulishasimama kwenye mwanzo wa mnyororo huu. Unajua namba inavyozaliwa: baba hayupo, bibi hakumbuki umri wake, jua linazama na bado kaya sita. Ujuzi huo una thamani, na watu huusahau kuuandika kwenye wasifu wao.

Mwaka 1300

Sasa fungua faili. Mwambie kompyuta akupe wastani wa mwaka wa ujenzi wa vituo vyote. Jibu linakuja: 1300 na kidogo. Yaani kwa wastani mabomba ya vijiji vyetu yalijengwa enzi za masultani wa Kilwa Kisiwani, miongo mitatu kabla msafiri Ibn Battuta hajashuka pale.

Kompyuta haikukosea hesabu. Vituo 20,709 vimeandikwa mwaka 0, kwa sababu mpimaji hakupata mwaka na mahali pa kuandikia hapakuweza kuachwa wazi, au mfumo ulijaza wenyewe. Ondoa sifuri hizo, wastani unapanda hadi karibu 1997. Theluthi moja ya kolamu ilikuwa inasema "sijui" kwa sauti ya namba. Mtu aliyepitisha faili moja kwa moja kwenye modeli bila kuangalia, ameifundisha modeli kwamba vipo visima vyenye umri wa miaka elfu mbili.

Sifuri kama hizo zimejaa. Vituo 1,812 vina longitudo sifuri na latitudo ambayo ni sifuri pia kwa hesabu yoyote ya maana. Ukivichora kwenye ramani vinaangukia baharini, Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Rudi kwenye kolamu ya mkoa: ni vya Shinyanga na Mwanza. Ufanye nini? Uvifute? Ukivifuta umepunguza sauti ya mikoa miwili ya Kanda ya Ziwa. Uvipe katikati ya wilaya yao? Inawezekana, mradi uandike kwamba umefanya hivyo. Uamuzi wa namna hii hakuna kozi itakayokufanyia, na ndio unaokula muda mwingi kazini kuliko modeli zote.

Kolamu ya wajenzi nayo ina somo lake. Kuna "Government", kuna "Gover", kuna "Central government", na kuna "Cental Government" iliyoruka herufi. "Hesawa" na "HESAWA" kwa kompyuta ni wajenzi wawili. Wewe ukiwa umekulia Kagera, Mara au Mwanza unajua Hesawa ulikuwa mradi wa maji na usafi uliofadhiliwa na Sweden, na huenda visima vyake uliviona kwa macho. "DWE", inayoongoza kwa zaidi ya vituo 17,000, ni mhandisi wa maji wa wilaya. "KKKT" ni kanisa. Nimewahi kusoma uchambuzi wa mtu aliyeandika kwamba DWE ni kampuni kubwa ya uchimbaji. Grafu zake zilikuwa nzuri sana.

Hesabu gani inatosha

Hofu ya hesabu imewarudisha wengi mlangoni. Nitasema ninavyoona: ili uanze, unahitaji kuelewa wastani na kwa nini hudanganya, namba ya katikati unapozipanga kutoka ndogo hadi kubwa, mtawanyiko (namba zimeachana kiasi gani), na uwezekano kwa kiwango cha kidato cha nne. Hesabu za juu zina nafasi yake na utazihitaji mbele ya safari. Lakini anayezisubiri ziishe ndipo aguse data, hagusi.

Tazama jinsi hesabu ndogo inavyobeba mambo mazito. Katika vituo 59,400, vinavyofanya kazi ni 32,259, vilivyokufa ni 22,824, na vinavyohitaji matengenezo ni 4,317. Sasa jenga modeli ya kivivu kuliko zote, inayojibu "kinafanya kazi" kila ikiulizwa. Itapatia asilimia 54.3. Kwa hiyo mtu akija na modeli yenye usahihi wa asilimia 60, usimpigie makofi bado. Amepita kidogo tu pale ambapo asiyefikiri kabisa angefika.

Halafu vitazame vile vituo 4,317 vinavyohitaji matengenezo, asilimia 7.3. Kwa mhandisi wa wilaya hivi ndivyo vyenye thamani kubwa. Kituo kinachotoa maji lakini kinalegea unakiokoa kwa spea na siku moja ya fundi. Kikishakufa na kamati ikavunjika moyo, gharama ni nyingine. Lakini kwa modeli, kundi dogo ni rahisi kulipuuza, kwa kuwa ikilikosa lote alama yake inashuka kidogo tu. Hapo alama ya shindano na haja ya kijiji zinaachana njia. Kazi yako ni kuliona pengo hilo na kumweleza mwenye uamuzi kabla hajaisherehekea asilimia.

Modeli yenyewe si uchawi. Mti wa maamuzi huuliza maswali kwa zamu: maji yapo au yamekauka? Pampu ni ya aina gani? Imejengwa lini? Nani anaisimamia? Kila jibu linapeleka kwenye tawi jingine mpaka kwenye jani lenye hukumu. Panda miti mia kadhaa, kila mmoja ulishwe sehemu yake ya data, kisha miti yote iipigie kura hukumu ya mwisho. Umepata msitu, mbinu ambayo Leo Breiman aliieleza mwaka 2001 na ambayo mpaka leo hufanya vizuri sana kwenye majedwali kama haya. Kuipima, unaificha sehemu ya data ambayo modeli haijawahi kuiona, kama mwalimu anayetunga mtihani mpya ili amjue aliyekariri maswali ya mwaka jana. Pump it Up wameficha majibu ya vituo vingine 14,850 kwa ajili hiyo.

Ukifika hapo utafurahi, kisha utakutana na jambo la kukutuliza. Kuna vituo 6,246 vilivyoandikwa kwamba vimekauka kabisa, na takriban 97 katika kila 100 kati yake vimeandikwa havifanyi kazi. Modeli inaishika kolamu hiyo kwa mikono miwili na alama inapanda. Lakini fikiria: mpimaji alisimama pale siku ileile, akaona hakuna maji, akaandika "kimekauka", akashuka mstari akaandika "hakifanyi kazi". Modeli haijatabiri, imesoma jibu lililoandikwa mara mbili. Kama lengo ni kumwambia mhandisi kituo gani kitakufa mwakani, kolamu hiyo hutakuwa nayo mpaka utume mtu akaangalie, na akishaangalia huihitaji modeli tena. Kasoro hii ya jibu kuvujia kwenye swali imeangusha kazi nyingi zilizoonekana bora, katika mikopo, katika afya, popote. Aliyewahi kuiona kwenye kisima ataitambua benki.

Na moja zaidi, ambalo naona ndilo zito kuliko yote. Pale wananchi wasipolipia maji, chini ya nusu ya vituo vinafanya kazi. Pale wanapolipa kwa ndoo au kwa mwezi, ni theluthi mbili hivi. Kishawishi ni kuandika: watoze wananchi, mabomba yatapona. Inawezekana ni kweli, hela ya ndoo hununua spea. Inawezekana pia mambo yamegeuka: bomba likifa watu huacha kulipa, nani atalipia mpini mkavu? Na inawezekana vijiji vyenye uwezo vilipata pampu bora tangu mwanzo na vina watu wa kulipa. Jedwali hili peke yake haliwezi kukutenganishia hadithi hizo tatu. Mtu akitoza maskini kwa sababu ya sentensi uliyoiandika kwa haraka, sentensi ni yako.

Vyombo

Nitapita upesi hapa, maana vyombo hujifunzika. Excel usiidharau, ofisi nyingi bado zinaishi ndani yake. Baada yake jifunze SQL, lugha ya kuuliza kanzidata iliyoanzia IBM miaka ya 1970 na ambayo utaikuta benki, kampuni za simu na serikalini. Kisha Python pamoja na pandas, maktaba yake ya kushughulikia majedwali; R nayo ni nzuri, hasa ukielekea takwimu na utafiti wa afya. Chagua moja, usigeuke kwa miezi sita. Python na R zote ni za bure. Kompyuta yenye nguvu si lazima, kwa kuwa Google Colab na Kaggle hukuazima mashine zao kupitia kivinjari. Kinachohitajika ni bando na umeme, na faili la vituo vya maji ni dogo.

Akili unde kama ChatGPT itakuandikia msimbo, yaani maagizo ya programu, kwa sekunde chache. Itumie. Ila bila kuelezwa faili limetoka wapi, inaweza kukukabidhi mwaka 1300 ndani ya aya iliyoandikwa vizuri. Anayejua kwamba hilo haliwezekani ni wewe.

Ajira zinaitwaje

Anayetafuta tangazo lenye maneno "mwanasayansi wa data" atasubiri sana. Serikalini Tanzania kazi hizi huja kwa jina la Mtakwimu au Afisa TEHAMA. Kwenye mashirika ya maendeleo ni Afisa Ufuatiliaji na Tathmini. Benki na wakopeshaji wa simu wanataka mchambuzi wa hatari za mikopo. Kampuni za simu, mchambuzi wa mapato au wa wateja. Soma majukumu yaliyoandikwa chini ya cheo, huko ndiko ukweli uliko.

Njia ya darasani ipo pia. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam, kimekuwa kikifundisha watakwimu tangu 1961, na vyuo vikuu kadhaa vya kanda hii sasa vina shahada za sayansi ya data. Nje ya darasa, jukwaa la Zindi tangu 2018 limekuwa likiweka mashindano yenye data za Afrika, na mikutano ya Data Science Africa, iliyoanzia Nyeri mwaka 2015, hukutanisha wanafunzi na watu wa kazini.

Lakini njia ninayoiamini zaidi ni kuanzia kwenye kazi uliyo nayo. Nesi anayejaza vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, anajua jambo ambalo mhitimu wa kompyuta halijui. Kila mwisho wa mwezi anajumlisha kwa mkono, fomu inapelekwa, takwimu zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi zetu zote za jirani. Anajua ni siku zipi kituo kilikuwa na foleni na usajili ukafanywa jioni kwa kukumbuka. Nesi huyo akijifunza SQL na Python jioni zake kwa mwaka mmoja, sioni wa kushindana naye kwenye data za afya. Hivyohivyo mhasibu kwenye mikopo, na bwana shamba kwenye mavuno.

Tahadhari moja kwa waliomo ofisini: usichukue data za wateja au wagonjwa ukazifanyia mazoezi nyumbani, hata ukifuta majina. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya simu, kijiji na tarehe ya kuzaliwa vikikaa pamoja vinamtaja mtu bila jina lake. Data za wazi zinakutosha.

Cha kupeleka

Mwezi ukiisha, anayenirudia simuulizi alama ya shindano. Namwomba ukurasa mmoja wa Kiswahili, ulioandikwa kana kwamba unamwendea mhandisi wa maji wa wilaya mwenye gari moja na mafuta ya siku nne. Vituo gani avitembelee kwanza, kwa majina na vitongoji vyake. Kwa nini hivyo na si vingine. Katika kila kumi alivyovitaja, anatarajia vingapi vitakutwa kweli vinalegea. Na chini kabisa, mistari mitatu ya yale ambayo data hazikuweza kusema: mwaka wa ujenzi haupo kwa theluthi ya vituo, mahali pa baadhi hapajulikani, na taarifa zenyewe ni za zaidi ya miaka kumi iliyopita, kabla RUWASA, wakala wa maji vijijini, haijaanzishwa 2019.

Dada mmoja, mwalimu wa sayansi, aliniletea ukurasa wake baada ya wiki saba. Orodha yake ilikuwa na vituo ishirini na vitatu. Pembeni mwa kimoja kilichoitwa "Shuleni" alikuwa ameandika kwa kalamu: "Hiki nakijua. Pampu ilibadilishwa. Niliuliza kijijini kwa simu." Alikuwa amekikata.